Barabara ya Mwendo wa Saa Mbili

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, kwa sababu ramani yake ilipelekwa ofisini ikasahihishwe na mpaka leo haijarudi. Inaitwa Tumefika. Ilipata jina hilo siku ya uhuru, pale kiongozi wake wa kwanza alipopanda jukwaani, akashusha pumzi, akasema, "Wananchi, tumefika," akaketi. Tangu siku ile kusafiri katika nchi hiyo kukawa jambo la kuonewa shaka kidogo. Mtu aliyekwisha kufika akikutwa yuko njiani, sharti ajieleze.

Ndipo Serikali ikaunda Wizara ya Kufika. Wizara haikujenga barabara. Hiyo ilikuwa kazi ya wakandarasi, na wakandarasi walikuwa na udhuru. Kazi ya Wizara ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kijiji kimefikiwa. Wahandisi walikuwa wameshaondolewa katika jambo hilo kwa tabia yao ya kupimapima, basi ikatungwa sheria fupi yenye kumcha Mungu: barabara itahesabiwa imekamilika siku ambayo mjane mwema, asiye na doa, ataiombea dua ya kumaliza safari mbele ya mashahidi. Mjane, walisema waheshimiwa, hana mume wa kumtuma aseme uongo.

Katika mji wa Chumvini aliishi mjane wa namna hiyo, Bi Mwanamvua binti Shee. Swala tano hazikumpita, Jumatatu na Alhamisi alifunga, na mtu akiwa na kitu cha kuwekesha aliwekesha kwake. Siku walipokuja kumchukua kwenda kuiombea dua barabara ya Mikandaani, kijiji alichozaliwa huko mwisho kabisa wa pwani, alivaa buibui lake jipya. Walimpa kiti cha mbele, kivulini, karibu na Mheshimiwa Waziri. Wanawake wenzake wa darsa walikaa juani, nyuma, wakimtazama. Hilo la kutazamwa alikuja kulikumbuka sana baadaye.

Mheshimiwa Waziri akahutubu. "Wapo wanaouliza barabara hii imefika wapi," alisema. "Mimi nawauliza, wao wamefika wapi?" Watu wakapiga makofi mpaka mbuzi wakatoka kichakani.

Na kichaka kilikuwepo, ndiyo shida. Bi Mwanamvua aliposimama aliona lami nyeusi nzuri ikija kutoka mjini, ikafika kwenye utepe mweupe, ikakoma. Nyuma ya utepe palikuwa na kichaka, na nyuma ya kichaka, kichaka. Akamwinamia Mkurugenzi wa Umbali, akamnong'oneza, "Mwanangu, dua ya kumaliza safari si husomwa mtu akishafika?"

"Bibi, amali si kwa nia?"

"Ni kwa nia."

"Basi nia ya Serikali ni kufika."

Jibu la hilo, kusema kweli, hakulitafuta. Alikuwa ameshasimama, watu wameshanyamaza, kipaza sauti kimeshaletwa mdomoni. Akainua mikono, akafumba macho, na haikuwa kwa unyenyekevu. Akamshukuru Mola kwa safari njema iliyokwisha salama. Watu wote wakaitikia amin. Karani akaandika: Mikandaani, mwendo wa saa mbili.

*

Kijiji kilichofikiwa hakina haja ya vitu vya kijiji ambacho hakijafikiwa. Hiyo ni akili ya kawaida. Mwezi uliofuata zahanati ya Mikandaani ilifungwa, mganga na kabati lake la dawa wakaondolewa, kwa kuwa hospitali ya mkoa sasa ilikuwa mwendo wa saa mbili tu. Kivuko cha Mto Ndago nacho kikapigwa marufuku, kwa kuwa daraja lilikuwa limekamilika katika dua ile ile.

Bi Mwanamvua alizisikia habari hizi moja moja, kama mtu anavyosikia matone ya paa linalovuja chumba cha pili. Aliongeza rakaa. Aliongeza siku za kufunga. Hakwenda Mikandaani.

Mwaka wa tatu ikaja barua ya dada yake mkubwa, Bi Saumu, aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Ilikuwa fupi. "Mdogo wangu, mimi naondoka, nadhani ni mwezi huu. Ukitaka radhi yangu njoo uichukue mwenyewe, sitaituma kwa mtu. Na uje kwa barabara yako."

Watu wa pwani ile wanajua maana ya maneno hayo. Mkubwa wako akiingia kaburini na kinyongo chake, utasali mpaka paji lichubuke, hakuna tena wa kukwambia nimekuwia radhi. Bi Mwanamvua akaikunja barua, akafunga nguo mbili na msala, na Jumatatu, alipokwisha sali alfajiri, akaenda stendi.

*

Basi la Shirika la Waliofika lilikuwa zuri, lazima niseme. Viti vilikuwa laini na abiria hawakuzidi kumi. Madirisha yalikuwa na mapazia mazito yaliyoshonewa chini, kwa sababu wataalamu waligundua kwamba abiria akiitazama sana barabara huichakaza. Basi likaenda dakika kumi, likasimama. Injini ikaachwa inanguruma. Kondakta, aitwaye Kibwana, akagawa biskuti, akahadithia visa vya sungura, akaimbisha wimbo wa taifa mara mbili. Hivyo ndivyo zilivyopita saa mbili kasoro dakika tano, akafungua mlango.

"Shukeni, jamaa zangu. Tumefika."

Nje palikuwa na mwisho wa lami na kibao kikubwa: KARIBU MIKANDAANI, KIJIJI KILICHOFIKIWA.

Mwanamke mmoja mnene, aliyepanda na godoro la sufi limekunjwa na kufungwa kwa kamba, akachungulia. Alikuwa akiitwa Mama Chausiku.

"Kibwana, hapa si Mikandaani. Hapa ni kwa yule muuza mkaa, namsikia anavyokohoa."

"Mama, kibao kinasemaje?"

"Kibao kina miguu hicho? Basi kiambie kinibebee godoro mpaka kwangu."

"Mimi nashusha watu kwa kibao, mama, siwashushi kwa maneno ya abiria," alisema Kibwana, tena kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na sare moja. "Tieni sahihi hapa kwamba mmefika, kisha mwende mnakokwenda."

Abiria wengine walitia sahihi wakageuka na basi kurudi mjini. Hao walipanda kwa ajili ya biskuti. Wakabaki wawili. Bi Mwanamvua alisimama pale pale alipokuwa siku ya utepe. Kichaka kilikuwa kimekua.

*

Wakaifuata njia ya miguu, Mama Chausiku mbele na godoro lake kichwani, Bi Mwanamvua nyuma na furushi. Mama Chausiku alikuwa mtu wa kusema huku anatembea. Alisema pumzi humwenda vizuri zaidi.

"Hili godoro la mume wangu, Hamadi. Alianguka mnazini, akavunjika nyonga. Wanaume wanne wakambeba juu yake kumpeleka hospitali. Siku mbili na usiku wao, na ya tatu mpaka karibu alfajiri. Aliishi saa moja tu baada ya kufika. Nimekaa huko eda yangu kwa shemeji, sasa narudi. Godoro narudi nalo, mwenyewe karudi kwa Mola wake."

"Inna lillahi," alisema Bi Mwanamvua.

"Hilo la kufa nimelipokea, bibi, ni la Mungu. Ila wamenipa cheti. Unajua wameandika nini katika sababu? *Alichelewa kwa hiari.* Nikamuuliza mganga, kwa hiari vipi, mtu na nyonga? Akaniambia, mama, barabara yenu ni ya saa mbili, marehemu katumia saa sabini. Hizo nyingine alikuwa wapi? Mwanangu anasoma shule. Atakisoma kile cheti."

Wakaenda kitambo. Inzi wakawa wanawafuata.

"Yuko bibi mmoja huko Chumvini," akaendelea Mama Chausiku, "ndiye aliyeiombea dua barabara hii. Watu wanamlaani. Mimi niliolewa tu huku, sura yake siijui, wala simlaani, mjane mwenzangu yule. Mimi namwombea aipite tu. Aipite siku moja, kwa miguu yake."

Bi Mwanamvua akasema amin. Ilimtoka yenyewe, na ilikuwa dua ya kwanza kwa miaka mitatu aliyoiitikia kwa moyo wote.

*

Alasiri walifika kwenye Kizuizi cha Usafi wa Barabara. Palikuwa na banda, bendera, gogo limelala njiani, na askari mmoja ambaye viatu vyake vilimeta kiasi cha kumtisha mwenyewe, asithubutu kuvitembelea. Akawatazama miguu.

"Vumbi hili mmelitoa wapi?"

"Barabarani, afande," alisema Mama Chausiku.

"Barabara hii ni ya lami. Lami haina vumbi. Mmelileta kutoka majumbani mwenu mje kuichafua."

"Afande, wewe umesimama juu ya nini?"

Askari akatazama mbele, akaacha kuangalia chini. "Mimi nimesimama juu ya waraka," alisema. Akawaamuru wanawe miguu, kisha wasikanyage mahali mpaka vumbi lao lipelelezwe. Upelelezi ulichukua Jumanne nzima. Walikaa juu ya lile godoro, miguu juu, kama watoto wanaosubiri sakafu ikauke.

Asubuhi ile ya Jumanne askari alipandisha bendera, akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila siku, na Bi Mwanamvua akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika mdomo wa mtu mwingine: *Alhamdulillahi, tumekwenda salama, tumefika salama.* Mama Chausiku akatema mate pembeni.

Kisha askari akaja na daftari. "Jina lako, bibi?"

"Binti Shee," alisema.

"Binti Shee tu?"

"Ndiyo."

Halikuwa jina la uongo. Lilikuwa nusu, na hiyo nusu iliyobaki aliikalia pale godoroni mpaka wakaruhusiwa kuondoka Jumatano kulipopambazuka.

*

Mto Ndago ni mkono wa bahari. Maji yakijaa hupanda juu ya kichwa cha mtu, yakipwa hubaki kifuani, na chini ni tope la mikoko. Hapo palikuwa na kibao kingine: DARAJA LA NDAGO. LIMETHIBITISHWA KWA DUA YA BI MWANAMVUA BINTI SHEE, MJANE. Chini ya kibao alikaa Mzee Ngwali, mvushaji wa zamani, na mtumbwi wake, na kitabu.

"Kuvusha ni marufuku," aliwaeleza. "Lakini nawavusha. Wao wanajua nawavusha. Wanachotaka ni sahihi tu hapa, kwamba mmepita darajani. Mkishatia, mtumbwi huu si mtumbwi tena."

"Ni nini?" aliuliza Mama Chausiku.

"Ni sehemu ya daraja. Nami ni fundi wa matengenezo."

Akampa kalamu Bi Mwanamvua, maana ndiye mkubwa. Maji yalikuwa yamejaa. Kusubiri mpaka yapwe ilikuwa kutwa nzima, na huko ng'ambo dada yake alikuwa akihesabu pumzi. Sahihi moja, angefika leo jioni. Aliishika kalamu kwa muda, kisha akairudisha.

"Sitatia. Nilishatia moja, yatosha."

"Wapi?"

"Hapo juu ya kichwa chako, mzee. Mwanamvua ndiye mimi."

Mzee Ngwali akageuka akakisoma kibao kama hajawahi kukiona. Mama Chausiku akalitua godoro taratibu.

"Siku mbili tunatembea pamoja," alisema.

"Ndiyo."

"Nimekuhadithia habari za Hamadi."

"Umenihadithia."

"Na godoro lake nikakukalisha."

"Ulinikalisha."

"Na hukusema."

"Sikusema. Niliogopa."

Mama Chausiku alikwenda akakaa kwenye mzizi wa mkoko, akampa mgongo. Mzee Ngwali akamwita, mama, wewe njoo utie sahihi uende zako, huyu mwache na daraja lake. Mama Chausiku akatikisa kichwa.

"Siwezi kuandika kwamba pana daraja. Hamadi alivushwa hapa juu ya vichwa vya watu, mtumbwi haukumtosha amelala. Mkono wangu utakauka."

Basi wote wawili wakangoja. Jua likapanda, jua likashuka, maji yakajivuta kidogo kidogo mpaka mizizi ikatokeza. Mama Chausiku akasimama, akalitazama godoro, akautazama mto. Mtu mmoja asingeweza kulivusha likabaki kavu.

"Shika upande ule," alisema.

Wakaingia majini, godoro vichwani, wakizama kwenye tope na kujinasua. Katikati ya mto maji yalimfika Bi Mwanamvua shingoni. Hakuteremsha mikono.

*

Waliingia Mikandaani Alhamisi, watu ndio wanatoka msikitini kusali alfajiri. Bi Saumu alikuwa hai. Alilazwa ukumbini, amekonda amebaki macho, na majirani walikuwa wameshanunua sanda wakaiweka chini ya kitanda bila kuificha sana, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyeichagua.

"Umekuja kwa njia gani?" aliuliza.

"Kwa barabara yangu, dada."

"Iko nzuri?"

Bi Mwanamvua akapiga magoti na tope lake. "Dada, niwie radhi. Niliona kichaka. Nilikiona kwa macho yangu, nikayafumba."

Bi Saumu akafumba macho, mpaka mdogo wake akadhani amelala. "Mimi kosa ulilonitendea dogo," alisema. "Nimekosa vidonge vya presha. Kuna watu hapa umewakosea zaidi. Anza na hao. Mimi niwe wa mwisho."

"Na ukiondoka kabla?"

"Basi kimbia."

Akaenda nyumba kwa nyumba, nyumba thelathini na nane. Hodi, mimi Mwanamvua, nimekuja kutaka radhi. Wengine walimpa hapo hapo mlangoni. Mmoja alimfanya asikilize kwanza, mpaka uji ukapoa. Mwingine, mvuvi wa pweza, alisema yeye barabara hakuihitaji kamwe, ila amemwia radhi kwa jumla, huenda likatokea jingine. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Chausiku, naye alikuwa anafagia uwanja uliokaa bila mtu miezi minne.

"Mimi maneno yako sina pa kuyaweka," alisema Mama Chausiku. "Cheti kimeandikwa, nacho kina muhuri. Karani wa Umbali yupo kwa mjumbe, kaja kuhuisha takwimu. Nenda akaandike ukweli. Maandishi yaondolewe kwa maandishi."

*

Karani alikuwa amekuja kwa boti ya Serikali. Wakubwa wote wa Tumefika huja vijijini kwa boti, kwa sababu barabara ni ya wananchi. Alimkaribisha Bi Mwanamvua kwa heshima kubwa, akampa kiti, kivulini. Bi Mwanamvua akasimama.

"Nataka kuifuta dua yangu."

"Bibi, tunayo fomu ya kuleta dua. Ya kuifuta hatuna. Dua ikishapanda, nani ataifuata?"

"Basi andika nimetumia muda gani. Niliondoka Jumatatu alfajiri, nimefika leo alfajiri."

"Siku tatu." Karani akatabasamu kwa huruma. "Hapa pana nafasi ya saa, bibi, si ya siku."

"Andika saa. Sabini na mbili."

"Visanduku ni viwili tu, vya tarakimu mbili."

"Sabini na mbili ni tarakimu ngapi, mwanangu? Mimi nimeishia darasa la saba, lakini nadhani zinaingia."

Karani akahesabu kwa kalamu hewani. Akahesabu tena. Haikuwepo sheria ya kuzikataa, maana hakuna aliyefikiri kama kuna atakayeipita barabara ile akafika hai akaja kuandikisha. Akaandika saba. Akaandika mbili. Bi Mwanamvua akatia sahihi jina lake lote, akidhani amemaliza.

*

Boti ilirudi baada ya siku kumi na mbili ikaleta hotuba na barua.

Hotuba ilisomwa uwanjani. Mheshimiwa Waziri alilitangazia taifa furaha kubwa: barabara ya Mikandaani, ambayo mpinzani fulani alidai ni fupi, imekua kutoka mwendo wa saa mbili hadi saa sabini na mbili, mara thelathini na sita, na sasa ndiyo barabara ndefu kuliko zote nchini. Alimpongeza Bi Mwanamvua kwa ushahidi wake wa pili, ulio bora kuliko wa kwanza. Watu wa Mikandaani walimtazama. Hapakuwa na pa kukaa wala pa kujificha, akasimama akatazamwa.

Barua ilikuwa ya Mama Chausiku. Aliifungua mlangoni kwake, akamsomea Bi Mwanamvua polepole: *Kwa kuzingatia takwimu mpya, Hospitali inasahihisha cheti cha marehemu. Marehemu Hamadi hakuchelewa. Aliwahi kwa saa mbili. Familia inaombwa ieleze sababu ya haraka yake.*

Mama Chausiku akaisoma tena kimoyomoyo. Kisha akaikunja mara mbili, mara nne.

"Hakuchelewa," alisema. "Hilo wameliandika."

"Wameliandika. Na hilo jingine..."

"Hilo jingine ni lao." Akaiweka barua kifuani, ndani ya kanga. "Mwanangu ataisoma mpaka hapo kwenye nukta. Kilichobaki nitakikata kwa mkasi."

Kuku wakapita baina yao.

"Radhi," alisema Bi Mwanamvua.

"Bado, bibi. Siwezi kukudanganya. Nikikutazama bado nakuona na kile kiti chako wanachokisimulia." Akashika ufagio. "Lakini kesho pita. Na kesho kutwa. Sijasema usipite."

Alirudi kwa dada yake kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji bila kata kichwani. Bi Saumu, ambaye sanda yake ilikuwa na siku ishirini chini ya kitanda, alifumbua jicho moja.

"Umemaliza?"

"Thelathini na saba, dada. Mama Chausiku bado."

"Kakataa?"

"Hakukataa. Kasema nipite kesho."

Bi Saumu akatafakari, akavuta pumzi, akaishusha.

"Usumbufu gani huu," alisema. "Haya, nipe uji. Nilitaka kufa leo."